Kaka kamuacha mkewe Houston, sasa mjomba wetu wa Dallas ndo anadaiwa matunzo. Hii imekaaje?

BarabaraYaNane

Wakuu salama? Mimi humu ni msomaji tu miaka yote ila leo nimejikaza niandike maana nyumbani hapakaliki. Ni gazeti refu, asiyetaka kusoma apite na kahawa yake taratibu.

Nyumbani ni Tanga mjini, Ngamiani. Kaka yangu mkubwa yuko Houston tangu 2009, uraia wa kule kashachukua, ndo maana hata akija kutuona anagongewa viza ya dola 100 kama Mmarekani yeyote tunabaki kumcheka. Januari 2021 akaja kuoa, akaoa binti wa Makorora, mama yake na mama yangu walisoma chuo kimoja kwa maalim mmoja. Kaka akarudi zake, wifi akabaki kwetu anasubiri makaratasi, miaka miwili na nusu tunalala chumba kimoja mimi na yeye kwahiyo mkianza kumtukana humu mjue mnamtukana mtu ninayemjua hadi anavyokoroma.

Wakati wa makaratasi ikaonekana kipato cha kaka hakitoshi. Alikuwa anaendesha teksi za kwenye simu, akishatoa mafuta na matengenezo kwenye hesabu zake za kodi kinachobaki kidogo. Ikabidi atafutwe mtu wa kuongezea nguvu, akapatikana mjomba, mdogo wake mama, anahudumia wazee Dallas, hana makuu. Nakumbuka alitupia picha ya ile fomu kwenye grupu la familia, kidole gumba kimeingia kwenye picha, kaandika "nimeshasaini, biriani ya pili tunaila Texas inshallah". Tukamwagia maua na makopa.

Wifi akaondoka Juni 2023. Mwisho wa 2024 kaka akamuacha, na kumuacha kwenyewe ni voisi ya watsapu, dakika moja na sekunde kadhaa, mtu yuko jikoni anakaanga. Shehe hapa akaandika, eda ikapita, kaka akatoa dola 1,500 akamwambia mama nimemaliza kila kitu. Kule Texas nako wakaachanishwa na korti 2025, wakili wa kaka akamtuliza kabisa kuwa ndoa yenu haijafika miaka 10 kwahiyo hakuna cha kumtunza mtalaka.

Sasa wiki iliyopita mjomba kapiga simu saa nane ya usiku huku kwetu. Kaletewa karatasi za korti yeye na kaka, wifi anadai matunzo kwa ile fomu ya sponsa. Mjomba analia, mtu wa miaka 58. Mama toka siku hiyo akishika ungo anapepeta mchele uleule mara mbili. Juzi kulikuwa na msiba barabara ya 12, mama yangu na mkwewe wamekaa mkeka mmoja hawajasalimiana, nimeona aibu hadi nikaenda kujificha kwenye masufuria.

Naomba kuuliza, hivi ni kweli? Talaka imeshatoka, ya dini na ya serikali, mtu bado anadaije? Na mjomba ambaye hata hakuoa anaingiaje?

mkonge_mkavu

Wanawake wa siku hizi bana. Kachuna buzi la kaka mtu, limeisha nyama kahamia kwa mjomba mtu 😂

ShangaziMakorora

We mkonge mkavu kweli. Mtu kaachwa kwa voisi yuko jikoni nchi ya watu halafu yeye ndo mchunaji? Kaa kimya watu wazima waongee.

boksi_miaka_16

Dada pole. Ni kweli na mimi ni shahidi, nipo Minnesota nabeba boksi mwaka wa 16 huu.

Hiyo fomu inaitwa I-864. Watu wengi tunaisaini kama tunavyosaini daftari la mahudhurio ya kikao cha harusi, unaona ni moja kati ya fomu 20, unapiga saini unaendelea. Kumbe ile ni mkataba, tena siyo kati yako na mkeo, ni kati yako na serikali ya Marekani, na mkeo kapewa haki ya kuutumia kukushitaki. Ndo maana talaka haiugusi. Unamuacha mke ila mkataba wa serikali hujauacha, we utamwandikiaje talaka serikali?

Mimi nilisaini 2014. Tukaachana 2018, mwenzangu alikuwa anafanya kazi nusu siku kwenye mgahawa. Nimelipa dola 600 na kitu kila mwezi mpaka alipokula kiapo cha uraia 2022. Siku anaapa nilikuwepo nje ya ukumbi nimemletea maua wallahi, watu wakadhani tumerudiana. Nilikuwa nasherehekea ya kwangu.

mkonge_mkavu

Mkuu maua tena 🤣🤣 nimeshindwa kukununia

wakili_asiye_na_joho

Niongezee hapo kwa boksi, kwa lugha ya kawaida.

Sheria ilitungwa 1996, wakati Marekani walipokuwa wanakaza misaada ya serikali, wakasema anayeleta mgeni ambebe mwenyewe asiwaachie walipa kodi. Kabla ya hapo kiapo cha sponsa kilikuwa maneno matupu, korti nyingi zilikuwa zinakataa kukitekeleza. Fomu hii mpya ikaanza kutumika Desemba 1997 na safari hii wakaiandika kama mkataba kamili.

Kiasi anachopaswa kuhakikishiwa huyo wifi ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini wanaoutangaza kila mwaka. Kwa 2025 mtu mmoja mstari ni dola 15,650, kwahiyo asilimia 125 inakuja kama 19,562 kwa mwaka. Mwanajeshi aliye kazini akileta mke yeye ni asilimia 100 tu. Ila msikilize vizuri hapa maana ndo watu wanapopotea, sponsa halipi hiyo 19,562 yote kama mtu ana kipato. Analipa pengo. Wifi akiingiza 12,000 mnadaiwa 7,562, akiingiza 25,000 hamdaiwi hata senti mwaka huo.

Kuhusu miaka 10 ya Texas, wakili wa kaka hakusema uongo, alisema nusu. Ile ni sheria ya jimbo ya matunzo ya mtalaka na ni kweli Texas ni wagumu, wanataka ndoa ya miaka 10 labda kuwe na ukatili au ulemavu. Ila I-864 ni mlango mwingine kabisa, sheria ya taifa, wala haiangalii ndoa imekaa siku ngapi wala nani alimkosea nani. Ukifungiwa mlango wa mbele unaingilia uani.

Mjomba sasa. Yeye ni sponsa mwenza, na sponsa mwenza hasaini nusu, anasaini yote. Wifi anaweza kumdai kaka peke yake, mjomba peke yake, au wote. Kule hakuna "mimi nilikuwa nasindikiza tu".

Dau_la_Pangani

Khaa! Sasa inaisha lini hiyo? Maana sisi huku eda miezi mitatu umemaliza, labda watoto.

wakili_asiye_na_joho

Inaisha akipata uraia. Au akifanya kazi robo mwaka 40 za hesabu za mafao yao ya uzeeni, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya robo 4 kwahiyo kwa haraka kabisa ni miaka 10. Au akirudisha ukaazi akaondoka nchini moja kwa moja. Au kifo, chake au cha sponsa, ingawa deni ambalo lilishafika linabaki kwenye mirathi. Ipo pia hali ya mtu aliyefikishwa korti ya uhamiaji akapewa ukaazi upya kwa sponsa mwingine lakini hiyo si ya kila siku.

Angalia nisichokitaja. Talaka haimo. Kuolewa tena haimo. Kutoka nje ya ndoa haimo.

Na Dau usiseme huku ni eda tu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo hata kwa mtalaka, na mgawanyo wa mali tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed 1983 kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Wengi tu hawaendi, wanaishia baraza la usuluhishi wakachoka.

YakheKibao

Hapo kwenye kuolewa tena nimepaliwa na mhogo. Yaani namtunza mke wa mtu?!

wakili_asiye_na_joho

Mkataba haufi akiolewa. Kama mume mpya anambeba vizuri hilo korti itabishaniwa, ila saini yako bado iko palepale.

Dau_la_Pangani

Na wangeandikishana kabla ya ndoa kwamba hakuna kudaiana?

wakili_asiye_na_joho

Imejaribiwa. 2016 mahakama ya rufani ya San Francisco ilisema mkataba wenu wa chumbani hauvunji ahadi uliyompa serikali. Na kuna ya 2012 kutoka ile ya Chicago, jaji Posner aliandika, mume alilalamika kuwa mtalaka hatafuti kazi, korti ikasema sheria haikumpa huyo mgeni wajibu wa kutafuta kazi ili kumpunguzia sponsa mzigo. Texas iko chini ya mahakama nyingine hawalazimiki kuzifuata hizo ila wanazisoma. Ndo hivyo.

mkonge_mkavu

Kwahiyo anakaa tu anaangalia tamthilia analipwa 🚮

mtalaka_wa_theluji

Nimesoma kimya ila hapa nimeshindwa. Mimi ndo "anayekaa tu".

Nilipelekwa jimbo la baridi, mume anatoka saa 10 alfajiri anarudi usiku, mimi sina leseni ya gari na kule bila gari hata duka la chumvi hulifiki. Lugha ya kwenye fomu ya kuombea kazi siielewi. Pesa ya mkononi sina, laini ya simu kwa jina lake. Siku aliponikatia hiyo simu nilikwenda kwa miguu mpaka msikitini, viatu vya wazi, Februari. Mama mmoja wa Kisomali ndo akaniuliza, nani alikusainia? Sikuelewa swali. Miaka mitatu niko nchini sikuwa nimewahi kuambiwa kuna karatasi mtu aliahidi nisilale njaa.

Sikudai kwa miaka yote nyuma, nilidai nianze kusoma. Nimepata cheti cha kutoa damu maabara, siku mshahara wangu ulipovuka ule mstari malipo yakasimama yenyewe, na nilifurahi kuliko yeye.

ShangaziMakorora

Haya mkonge, njoo useme tena.

mkonge_mkavu

Dada samahani. Kiroho safi.

urojo_Toronto

Huku Kanada mke unamsainia miaka 3 tu kuanzia siku alipopata ukaazi, ikipita umemaliza. Mkiachana ndani ya hiyo 3 bado unabanwa lakini angalau unaona mwisho. Akichukua misaada ya serikali unaletewa bili wewe.

boksi_miaka_16

Na huku bili ipo pia, ofisi ya misaada ina haki ya kumrudia sponsa idai ilichotoa. Sijaona mtu wangu wa karibu kafanyiwa ila ipo kwenye karatasi.

YakheKibao

Uingereza je? Nina dogo yupo Leicester anataka kumvuta mwenzie

wakili_asiye_na_joho

Uingereza wanakubana mlangoni, tangu Aprili 2024 uonyeshe pauni 29,000 kwa mwaka. Ila mkiachana anayebanwa ni yule mgeni, viza yake ya ndoa inakatwa asipopata njia nyingine. Kila nchi na mtego wake.

BarabaraYaNane

Nimesoma zote wakuu, asanteni, boksi na maua yako umenichekesha mara ya kwanza wiki hii.

Jana nimejipa moyo nimempigia wifi. Alipokea kwa "shikamoo wifi" kama zamani, mimi ndo mkubwa kwake kwa mwaka mmoja na alikuwa ananitania hivyohivyo chumbani. Tukanyamaza wote. Kumbe anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea watoto, masaa 20 kwa wiki, kwa mwaka anapata kama 11,000. Kapanga chumba na dada wa Kirundi. Nikapiga hesabu ya wakili hapo juu, 19,562 toa 11,000 ni kama 8,560, kwa mwezi dola 713. Nikamwambia ndo unachodai? Akasema ndicho, tena anasema wakili wake ndo aliyemuweka mjomba kwa sababu jina lake lipo, yeye hakutaka. Mjomba alikuwa anamtumia samaki wakavu kila mtu akitoka Tanga. Akalia, na mimi nikalia, vocha ikaisha.

Nikamuuliza uraia, maana nimeona ndo unamaliza mambo. Anasema kwa kuwa wameachana hawezi kwenda na ile njia ya miaka 3 ya wake za raia, mpaka itimie miaka 5, yaani 2028. Na hata hapo anasitasita, sisi hatuna uraia pacha, akila kile kiapo Tanzania inamtoka, na marehemu baba yake kamwachia kiwanja Mabokweni. Ananiambia "wifi, nipoteze mume nipoteze na nchi?" Hapo sikuwa na jibu na bado sina.

wakili_asiye_na_joho

Na msimlazimishe. Uraia ni hiari yake, hakuna korti itakayomwambia nenda kaape ili fulani apumzike.

boksi_miaka_16

Msaidieni apate masaa 40 badala ya 20. Dereva wa kumpeleka, kozi, chochote. Pesa mtakayomtia hapo mtaiona inarudi. Mimi laiti ningemlipia mwenzangu shule 2018 nisingelipa mpaka 2022, nilikuwa na hasira tu.

BarabaraYaNane

MREJESHO

Samahani kwa kukaa kimya wiki mbili. Tumekaa kikao, barazani kwetu, baada ya alasiri. Ami yake wifi kaja badala ya baba, mkwe kaja, mama, shehe, mimi wa kumimina kahawa. Simu mbili zipo kwenye spika, kaka juu ya stuli, mjomba juu ya sahani ya kashata.

Kaka alianza kwa ukali, ile fomu ilikuwa kukamilisha utaratibu tu, hakuna aliyeniambia, na eda nimetoa. Shehe akamwacha amalize. Akasema eda umetoa hilo halina ubishi, lile ni la ndoa. Hili la pili we mwenyewe ulimwendea mtu ukamwahidi kwa maandishi, na Suratul Maida inaanza kwa "enyi mlioamini, timizeni ahadi", haijasema isipokuwa za Houston. Ami mtu akaangalia chini kuficha kicheko. Kaka kimya, unasikia tu kiyoyozi cha gari lake.

Aliyenishangaza ni mama. Kamwambia kaka, "mdogo wangu nilimuomba mimi asaini. Ukimwachia alipe yeye, mimi ndo nimemuibia." Basi.

Walichokubaliana, mawakili wao kule wameshaandika na korti imepelekewa. Kaka analipa 700 kwa mwezi, kila Januari wifi anaonyesha karatasi za kipato hesabu inafanywa upya. Akikwama mwezi mjomba anatoa halafu anamdai kaka, wao kwa wao. Kozi ya kulelea watoto ya miezi sita kaka analipa nusu, hilo nilichomekea mimi kwa akili ya boksi, wakanitazama kama kahawa imeongea.

Mkwe wakati anaondoka akamwambia mama "mkate wako wa kumimina siku hizi umepunguza iliki". Mama akamjibu iliki imepanda bei. Nadhani ndo wameshasalimiana.

ShangaziMakorora

Hao wameshapatana, ukisikia mpaka iliki inajadiliwa 😄

wakili_asiye_na_joho

Vizuri. Swali moja, mjomba bado anaishi anwani ileile aliyoandika 2022?

BarabaraYaNane

Hapana, kahamia Arlington mwaka jana. Kwani?

wakili_asiye_na_joho

Kuna fomu nyingine, I-865. Sponsa akihama ana siku 30 kuwajulisha uhamiaji, na ni kila akihama mpaka mkataba uishe. Asipofanya faini ni kuanzia dola 250 mpaka 2,000, na inapanda hadi 5,000 kama alijua mgeni wake anachukua misaada. Mwambie ajaze leo, na kaka pia kama kabadilisha nyumba.

BarabaraYaNane

Ya Rabi. Kaka kahama mara mbili.

YakheKibao

Yule dogo wa Leicester nimemtumia uzi huu kasoma mpaka mwisho halafu kaniuliza "kwahiyo Kanada ni miaka 3 tu?" Vijana wamepotea.

BarabaraYaNane

😂😂 Mwambie urojo wa Toronto ni baridi.

Mjomba kajaza I-865 jana usiku, kaituma kwa posta na risiti kaipiga picha kaitupia kwenye grupu, safari hii kidole kakitoa. Kaniomba na ile picha ya 2022 niifute. Sijaifuta.